Baraza na Moto wa Kambi: Raha za Nyumbani na Safari za Jamaa katika Historia ya Epulu

Katika miji ya mwambao, kuanzia Lamu hadi Kilwa, baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa sambamba na ukuta wa nyumba, mahali watu wanapoketi jioni kuzungumza, kunywa kahawa na kupokea wageni ambao haijawa lazima kuwaingiza ndani. Neno hilo hilo linatumika katika vijiji vya msitu wa Ituri, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka baharini. Huko halina mawe wala ukuta. Ni kibanda kisichozungukwa na kuta, chenye nguzo za miti na paa la majani, kilichosimama mbele ya nyumba, na humo wenye mji huota moto, husubiri chakula, huamua mashauri na kumtazama anayepita njiani. Jengo ni jingine kabisa, lakini kazi yake haikubadilika.

Jinsi neno lilivyofika huko inajulikana. Katika miaka ya 1880 wafanyabiashara wa pembe waliotoka Manyema walikwisha kuweka vituo kando ya mto Ituri. Henry Morton Stanley, alipopita msituni mwaka 1887 akimtafuta Emin Pasha, aliwakuta wawili kati yao, Ugarrowwa na Kilonga-Longa, kila mmoja akiwa na ngome, mashamba na watu wake. Safari zao hazikuwa za raha kwa yeyote aliyekutwa njiani: zilileta bunduki, moto na utumwa. Hata hivyo wafuasi wao, waliojiita Waungwana, waliacha nyuma lugha ambayo wakoloni wa Kibelgiji waliiita Kingwana, nayo ikawa lugha ya barabarani, ya sokoni na, polepole, ya nyumbani. Mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma historia ya Epulu hana budi kuanzia hapo, kwa sababu karibu kila kitabu mashuhuri kilichoandikwa na mgeni kuhusu mahali hapa kilitegemea mazungumzo yaliyofanyika, kwa sehemu kubwa au ndogo, katika lugha hiyo.

Epulu yenyewe ni kijiji kwenye mto wa jina hilo, unaomwaga maji yake katika Ituri. Kipo katika wilaya ya Mambasa, kiasi cha kilomita 70 magharibi ya mji wa Mambasa, kwenye barabara inayounganisha Kisangani na Bunia, makao makuu ya mkoa wa Ituri tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2015. Serikali ya kikoloni ilipopasua barabara hiyo iliwalazimisha wakulima, Wabila, Walese na Wandaka miongoni mwao, kuhama kutoka ndani ya msitu na kujenga kandokando yake. Kwa hiyo baraza la Epulu lilielekea barabara tangu mwanzo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mashamba ya ndizi na muhogo, na nyuma ya mashamba kulikuwa na njia nyembamba zilizokwenda kwenye kambi za Wambuti.

Vitabu vilivyoipa Epulu umaarufu ni vitabu vya ujasiri. Majina yake yanataja giza, mbilikimo na miaka ya vituko, na msomaji wa Ulaya au Marekani alivinunua ili apate kusafiri bila kutoka kitini. Lakini vikisomwa kwa makini, na hasa vile vilivyoandikwa na wanawake, kurasa nyingi zaidi zinahusu jiko, watoto, wagonjwa, paa linalovuja na nani anakuja kula. Hoja ya makala haya ni kwamba kilichoitwa ujasiri huko Epulu kwa kawaida kilikuwa maisha ya nyumbani ya mtu mwingine, na kwamba kwa Wambuti safari ya jamaa na raha ya nyumbani havikuwa vitu viwili.

Mwenyeji wa kwanza aliyeandikwa sana ni Patrick Tracy Lowell Putnam, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1904 katika ukoo wenye mali na kusoma Chuo Kikuu cha Harvard. Alikwenda Kongo mwaka 1927 kwa utafiti wa kianthropolojia, akabaki. Alipata kazi ya utabibu mdogo chini ya Msalaba Mwekundu katika kijiji cha Penge kwenye mto Ituri, na huko ndiko alikotembelewa na mwandishi Emily Hahn, mwanamke wa kwanza kuhitimu uhandisi wa madini katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Hahn aliishi Penge kwa miezi kadhaa, akasaidia zahanati, kisha akatoa kitabu chake Congo Solo mwaka 1933. Msomaji anayetafuta simba hatamwona. Anamwona mwanamke kijana anayejifunza kuishi katika nyumba ya mwanamume mwenye wake kadhaa wa Kiafrika, kila mmoja na jiko lake na heshima yake. Hahn aliondoka kwa hasira baada ya kuona jinsi mwenyeji wake alivyomtendea mmoja wa wake hao kwa ukatili. Tukio hilo halipaswi kufichwa na sifa za ukarimu zilizofuata. Wake hao walifanya mapenzi, upishi, tafsiri na ulezi uliowezesha mgeni kuwa mwenyeji, lakini hakuna hata mmoja wao aliyeachiwa nafasi ya kuandika.

Kutoka Penge Putnam alihamia kando ya mto Epulu mnamo 1933, akajenga kituo kilichoitwa Camp Putnam. Kilikuwa na nyumba ya wageni, zahanati, wanyama waliofugwa na nafasi kubwa ya kuketi. Wasafiri wa magari, wengine wakiwa na familia zao, walilala hapo, walikula, walilipa, wakapelekwa msituni kuwaona Wambuti wakiwinda, kisha wakaendelea na barabara. Huu ndio utalii wa mwanzo wa Epulu, nao uliuza bidhaa ya ajabu: siku moja ya kazi za nyumbani za watu wengine. Kwa mgeni, kufuata wavu msituni kulikuwa tukio la kusimulia maisha yote. Kwa mama wa Kimbuti aliyetembea mbele yake akiwa na mtoto kiunoni, kulikuwa kutafuta mboga.

Mke wa kwanza wa Putnam wa Kimarekani, Mary Linder, alifariki katika miaka ya 1930. Baada yake alikuja Emilie Baca, naye ndoa haikudumu. Wa tatu alikuwa Anne Eisner, mchoraji kutoka New York, aliyeondoka Marekani pamoja na Putnam mwaka 1946 na kufunga naye ndoa mwaka 1948. Huyu ndiye aliyeacha kumbukumbu tele kuliko wote: michoro, barua, ngano alizozikusanya kwa Wambuti, na kitabu kilichotoka mwaka 1954 kwa jina la Madami. Jina hilo linastahili kutazamwa kidogo. Ni neno la Kifaransa, madame, lililopewa irabu ya mwisho ili likae vizuri katika kinywa cha msemaji wa Kibantu, kama vile buku lilivyopata irabu yake. Wakazi wa Epulu walimwita hivyo, na yeye akalichukua kuwa jina la kitabu. Ni cheo cha mke wa Mzungu na wakati huo huo ni jina la mtu wa nyumbani, na maisha yake yote ya Epulu yalikuwa ndani ya mkanganyiko huo.

Kama mchoraji, Anne alivutiwa na sanaa ambayo haikuhitaji ukumbi. Wambuti walitengeneza vitambaa kutokana na magome ya miti. Wanaume walichuna gome na kulipondaponda kwa nyundo hadi likawa laini, kisha wanawake walilichora kwa rangi za mimea, kwa vidole na vijiti, wakiwa wameketi mbele ya vibanda huku watoto wakicheza. Mistari yao haifuati ulinganifu wa kanga wala wa mkeka wa mwambao. Inaanza, inakatika, inaendelea mahali pengine, kama njia za msituni. Kazi hiyo ilikuwa burudani ya mchana, ikifanywa kwa mazungumzo na kicheko, na kitambaa kilichopatikana kilivaliwa hadi kikaraka. Michoro ya Anne ya miaka hiyo ilibadilika. Ndani yake wanaonekana wanawake wakipika, wakibeba, wakijenga, na mianga ya kijani ikipita kati yao. Aidha alikaa muda katika kambi ya Wambuti, akiwalea watoto wachanga watatu waliofiwa na mama zao pamoja na wanawake waliowanyonyesha. Kitabu chake kiliuzwa kama kisa cha ujasiri, lakini palipo hai zaidi ndani yake ni pale anapoeleza malezi hayo.

Nyumba yenyewe haikubaki na furaha. Putnam aliugua mapafu kwa muda mrefu, na katika miaka yake ya mwisho ugonjwa ulimgeuza kuwa mkali na mwenye dhana mbaya, hata kwa waliomhudumia. Alifariki Desemba 1953. Anne alijaribu kuendesha kituo peke yake, hakuweza, akaondoka, ingawa kazi yake kuhusu Epulu iliendelea. Karatasi zake sasa zinahifadhiwa Harvard.

Miongoni mwa wageni wa Camp Putnam alikuwamo Colin Turnbull, Mwingereza aliyefika mara ya kwanza mwaka 1951, akarudi mwaka 1954 na tena mwaka 1957. Kitabu chake The Forest People, kilichotoka mwaka 1961, ndicho kilichowafanya Wambuti wa Epulu kujulikana duniani. Turnbull alipinga kwa makusudi taswira ya msitu kama mahali pa hatari. Alionyesha kwamba kwa Wambuti kijijini ndiko kulikokuwa na joto, vumbi na maneno mengi, na msituni ndiko kulikokuwa na ubaridi na utulivu. Kijijini walikuwa wageni wa baraza la mwingine. Waliporudi kambini walikuwa wenyeji, na kiti chao kilikuwa vijiti vinne vilivyofungwa pamoja katikati, chepesi kutengenezwa na chepesi kuachwa.

Uhamaji wa kambi unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndipo kiini cha jambo kilipo. Kambi ilikaa mahali pamoja kwa wiki chache. Wanyama walipopungua karibu, au watu walipochokana, jamaa zilifunga vitu vyao asubuhi. Mama alibeba kikapu, chungu, mtoto, na juu ya yote kaa la moto lililofungwa katika majani, kwa sababu moto haukuwashwa upya bali ulisafirishwa kutoka kambi hadi kambi. Njiani watu walichuma uyoga, walichimba mizizi, walisimama kutazama nyayo. Walipofika, mwanamke ndiye aliyejenga: alichomeka fito ardhini kwa duara, akazikunja na kuzifungamanisha, kisha akapachika majani mapana, moja juu ya jingine kama vigae, kuanzia chini kwenda juu. Kwa saa chache palikuwa na nyumba. Mlango ulielekezwa kwa rafiki au ukageuziwa kisogo jirani aliyekosana naye, na mwanamke aliyebadili mawazo alihamisha mlango bila kumwambia mtu. Ramani ya urafiki wa kambi ilisomeka kwa macho. Ni vigumu kupata katika mji wowote wa mawe nyumba inayotii moyo wa mwenyewe kwa wepesi kiasi hicho.

Uwindaji nao ulikuwa safari ya jamaa nzima. Kila mwanamume mwenye mke alikuwa na wavu wake, wa makumi ya mita, uliosokotwa kwa nyuzi za mmea wa kutambaa. Nyavu ziliunganishwa katika nusu duara kubwa, wanaume wakasimama nyuma yake kimya, na wanawake na watoto wakaja kutoka upande wa pili wakipiga kelele na kuchapa vichaka ili kuwasukuma funo na paa wadogo. Asiyeoa alikosa nafasi yake kamili, kwa kuwa wavu bila mke ulikuwa nusu ya chombo. Mtoto alijifunza msitu kwa kutembea ndani yake na wazazi, na hakuna aliyehitaji kumwambia kwamba hiyo ilikuwa safari.

Msimu uliosubiriwa kuliko yote ulikuwa wa asali. Watafiti wa Kijapani waliofuata miaka ya 1970, akiwamo Ichikawa Mitsuo, walionyesha kwamba kwa wiki kadhaa za mwaka asali ilikuwa sehemu kubwa ya chakula cha kambi, na kwamba nyavu zilipumzishwa na jamaa zikagawanyika katika vikundi vidogo vya watu wanaopendana. Mwanamume alipanda mti mrefu akiwa na moshi na shoka, walio chini wakaimba na kubishana juu ya ukubwa wa sega, na asali ikaliwa papo hapo, vidoleni. Ndoa nyingi zilizungumzwa wakati huo.

Haifai, hata hivyo, kuupokea utulivu wa Turnbull bila maswali. Mwaka 1952, kabla Putnam hajafariki, Epulu ilikuwa imepata kituo cha serikali cha kukamata okapi, chini ya Mreno Jean de Medina. Okapi, mnyama aliyetambuliwa na sayansi mwaka 1901, alikuwa akinaswa katika mashimo yaliyofunikwa kwa majani, akifugwa, kisha akisafirishwa kwenda bustani za wanyama za ng'ambo. Waliojua njia za okapi na waliochimba mashimo walikuwa wawindaji wa msituni wenyewe. Turnbull aliandika kana kwamba ulimwengu huo ulikuwa pembeni, ilhali ulikuwa jirani.

Swali la chakula nalo liliulizwa na familia iliyokuwa na haki ya kuliuliza. John na Terese Hart, Wamarekani, kila mmoja alifika Zaire katika miaka ya 1970, na baadaye wakakaa Ituri pamoja na binti zao, Epulu ikiwa makao yao ya kazi kwa miaka mingi. Mwaka 1986 walichapisha utafiti uliosema kwamba vyakula vya wanga vya porini ni adimu kwa miezi kadhaa ya mwaka, na kwamba ni vigumu kuamini kuwa watu waliishi katika msitu huo bila kubadilishana na wakulima. Robert Bailey na wenzake walipanua hoja hiyo mwaka 1989, na mjadala haujaisha. Kwa hoja ya makala haya matokeo yake ni mazito: ndizi za nyuma ya baraza na nyama ya kambini zilitegemeana. Mmbuti aliyekuja barabarani na paja la funo hakuwa mtalii katika dunia ya watu wengine. Alikuwa akikamilisha mlo wa nyumba mbili, ingawa mlo huo mara nyingi ulikuwa na deni, matusi na madai ya ubwana ndani yake.

Akina Hart waliunda Epulu kituo cha mafunzo na utafiti wa msitu, ambapo vijana wa Kizaire walijifunza kutambua miti na kuhesabu wanyama. Upande wa kituo cha okapi, kilichoharibiwa na uasi wa Simba mwaka 1964 na kufufuliwa baadaye, Waswisi Karl na Rosmarie Ruf waliweka makazi yao tangu miaka ya 1980 chini ya mradi wa kuhifadhi okapi ulioanzishwa mwaka 1987. Hifadhi ya wanyama ya okapi ilitangazwa mwaka 1992, ikiwa na ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 13,000, ikaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mpangilio wa zamani ulijirudia: nyumba ya mgeni kando ya mto, wafanyakazi na wake zao nyuma yake, kambi za Wambuti ndani zaidi. Tofauti ilikuwa kwamba safari za wawindaji sasa zilikuwa na sheria, na jamaa iliyohamia upande fulani wa msitu ilipaswa kujua kama wavu uliruhusiwa huko.

Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliigeuza barabara. Ilikuwa tayari imeharibika kwa uzembe wa miaka. Magari yalipotea, na wachuuzi walisukuma baiskeli zilizopakiwa mafuta ya mawese na chumvi kwa siku nyingi matopeni. Majeshi na waasi walipita na kupora, kituo cha utafiti kikiwamo. Mwishoni mwa mwaka 2002 wapiganaji walioingia wilaya ya Mambasa walifanya mauaji na ubakaji, na Wambuti walikuwa miongoni mwa walioteswa. Msitu uliokuwa kimbilio la utulivu ukawa mahali ambapo mwenye bunduki angeweza kukutana na jamaa isiyo na shahidi. Baada ya vita barabara ilitengenezwa, nayo ikaleta wachimba dhahabu, mbao zikatoka kwa malori, na wawindaji wa pembe wakaingia.

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 24 Juni 2012, kundi la Mai-Mai lililoongozwa na mtu aliyejulikana kwa jina la Morgan lilivamia Epulu. Watu 6 waliuawa, wakiwamo askari wa hifadhi 2. Majengo yalichomwa. Okapi waliokuwa kituoni, 14 kwa jumla, walipigwa risasi. 13 walikufa siku hiyo na wa mwisho akafa baadaye. Magazeti ya ng'ambo yaliandika zaidi kuhusu okapi, jambo ambalo halikuwa la haki, ingawa linaeleweka kwa wanaojua jinsi kijiji hiki kilivyofahamishwa kwa ulimwengu tangu 1952.

Kwa waliokuwamo, tukio lilikuwa la nyumbani. Ilikuwa wakati wa kuwasha moto wa asubuhi. Wakazi wa barabarani, wakulima, wafanyakazi wa hifadhi na familia zao, waliacha baraza zao na kukimbilia msituni, kwa njia zile zile nyembamba ambazo wageni wa Camp Putnam walikuwa wakilipia kuongozwa. Msimu ulikuwa karibu na ule wa asali. Waliokwenda hawakuwa wamechagua siku wala upande wa kuelekea, na wengi wao hawakupata muda wa kubeba kaa la moto.